Mji Usio na Cha Kutazama

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, Bwana Kurachi Morihiko aliusukuma mlango wa mkahawa wa Tsubame kwa bega la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa tayari unavua kofia. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mlango hufunguka, kengele hulia, na kabla hajafika kwenye kiti chake cha pembeni kahawa huwa imeshaanza kumiminwa. Pamoja nayo huja yai la kuchemsha na kipande kinene cha mkate wa kuchoma, kilichopakwa siagi na maharagwe matamu yaliyopondwa. Hakuna aliyeagiza yai wala mkate. Nagoya ukiagiza kahawa asubuhi, hivyo vingine hujileta vyenyewe.

Jumanne ile mlango haukufunguka. Bega liligonga, kofia ikaanguka, na paji la uso likafuata bega.

"Taratibu, mzee! Kioo hicho nimekifuta jana."

Sauti ilitoka nyuma yake. Bwana Kurachi aligeuka na kumwona Mama mwenyewe amesimama barabarani, amevaa kofia ya majani, viatu vya kutembelea, na mkoba mdogo begani. Kila mteja alimwita Mama, kama wanavyoitwa wanawake wote wenye mikahawa. Jina lake hasa ni Ukita Setsuyo. Alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, mzaliwa wa Osaka aliyeolewa Nagoya. Mwili ulihamia, lakini ulimi ulibaki wa Osaka mzimamzima.

"Umefunga?" aliuliza Bwana Kurachi.

"Karatasi huioni?"

Aliiona sasa. Ilikuwa imebandikwa mlangoni, mbele ya pua yake: LEO MAPUMZIKO.

"Unaumwa, Mama?"

"Nani mgonjwa? Nimepaka mpaka rangi ya mdomo. Leo mimi ni mtalii." Alimwokotea kofia, akaipangusa vumbi, akampa. "Binti yangu Kanae alinipigia jana. Chumba changu kule Yokohama kiko tayari, wameshaweka hata pazia. Na mwenye nyumba hapa anataka kujua kama naendelea na mkahawa au naachia. Basi leo saa kumi na mbili jioni Kanae atapiga simu, na mimi nitampa jibu moja. Kwenda au kubaki. Tangu masika namwambia 'tutaona, tutaona', hata mimi nimejichoka."

Bwana Kurachi aliishika kofia yake kwa mikono miwili.  Aliisikia habari ile kama maji yanayoishia kwenye beseni. Huo ndio mfano aliouelewa yeye, maana alifanya kazi idara ya maji ya mji miaka arobaini.

"Miaka thelathini na minane naishi hapa," Setsuyo aliendelea, "na ninachokijua ni stesheni, soko la jumla, hospitali na makaburi ya akina Ukita. Nitauagaje mji ambao sijawahi kuutazama usoni? Wewe umezaliwa hapa. Nitembeze."

Bwana Kurachi alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kusema kwamba Yokohama ni mbali. Alitaka kusema kwamba yeye hakuwa na mke wala mtoto, kwamba mama yake alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na kwamba katika siku nzima kulikuwa na dakika arobaini tu ambazo mtu alimtania, nazo zilikuwa nyuma ya mlango huu. Alifungua mdomo.

"Lakini Mama," alisema, "Nagoya hakuna cha kutazama."

Tusimlaumu sana. Mtu yeyote wa mji ule angesema hivyo hivyo. Akikuletea zawadi, atakwambia ni kikaratasi tu. Akikukaribisha mezani na sahani zimekosa pa kukaa, atakuomba radhi kwamba hakuna chakula. Na ukimwuliza mji wake una nini, atasema hauna kitu, kisha atasubiri umbishie. Shida ni kwamba wageni wengi hawabishi.

Setsuyo akainua kidole kimoja.

"Haya. Bao moja la Yokohama."

"Bao gani?"

"Leo nahesabu. Ukiniambia ubaya wa hapa, Yokohama wamefunga. Ukiniambia uzuri, Nagoya wamefunga. Tembea basi, mchezo umeanza!"

Walianzia stesheni, kwenye yule mwanasesere mkubwa mweupe anayesimama mbele ya duka, mita sita kwenda juu, ambaye nusu ya mji hukutana miguuni pake. Siku ile alikuwa amevalishwa sare ya zimamoto, na kofia ya chuma. Watu walipita katikati ya miguu yake bila kuinua macho, wakiwahi kazini. Setsuyo aliinua macho mpaka kofia yake ikataka kudondoka.

"Jamani, dada yetu! Urefu wote huu, na kazi anayo, na mchumba bado?"

"Ni mwanasesere tu," alisema Bwana Kurachi. "Wa plastiki."

"La pili."

"Sikusema vibaya!"

"Umesema 'tu'. Simama hapo nikupige picha. Sogea kwenye buti lake. Haya, tabasamu."

"Natabasamu."

"Hilo ndilo tabasamu? Nilidhani jino linakuuma."

Picha ile inamwonyesha mzee mmoja mwembamba, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, kando ya buti kubwa kuliko yeye. Setsuyo aliitazama, akacheka peke yake, akakifuta kwa kidole kioo cha simu kana kwamba kilikuwa na vumbi.

Kwenye ngazi za umeme za kushukia treni ya chini ya ardhi, kipaza sauti kiliwaomba abiria wasimame pande zote mbili na wasitembee. Setsuyo alisimama kulia, kama alivyozoea kwao. Bwana Kurachi alisimama kushoto.

"Hivi ni kweli mji huu una sheria ya kuwakataza watu wasitembee hapa?"

"Ipo. Ilipitishwa na baraza la mji. Ni kwa usalama."

"Basi waliitunga wanaume wa Nagoya wenyewe," alisema Setsuyo. "Kusimama mahali pamoja na kungoja upelekwe, kwa hilo hamna mpinzani."

Mwanamke mmoja aliyesimama ngazi ya chini yao alikohoa, akaficha uso kwenye skafu. Bwana Kurachi alihisi masikio yake yakipata moto. Alitafuta jibu ngazi zote hadi chini, akalipata walipokuwa wameshapanda treni, na wakati huo halikuwa na maana tena.

Kwenye lango la ngome Bwana Kurachi alisimama ghafla, akainama. Setsuyo alidhani ameangusha kitu.

"Mama, tazama hiki." Alikuwa anaonyesha kifuniko cha chuma cha mfereji, kilichochorwa mdudu yule mwenye miguu mirefu anayetembea juu ya maji. "Hiki ni cha zamani. Huyu mdudu hukaa kwenye maji safi peke yake, ndiyo maana tukamchagua. Hiki nakumbuka tulikiweka wakati wa mvua, watu wanne, na msimamizi wetu alikuwa na mafua."

"Bwana Kurachi. Mbele yangu kuna ngome ya mabwana wa kale, ina samaki wawili wa dhahabu juu ya paa. Na wewe unanionyesha maji machafu."

"Ni ya mvua, si machafu."

"Nisamehe sana."

Waliitazama ngome kwa nje. Kulikuwa na jua la vuli, na wale samaki wa dhahabu walimeta mpaka mtu alilazimika kufumba jicho moja. Watalii wa Kikorea walisema neno ambalo bila shaka lilikuwa la sifa. Bwana Kurachi aliona hatari ya kusifiwa, akawahi kuizima.

"Ile ya zamani iliungua vitani. Hii ni ya saruji tu. Na mnara umefungwa, hawaruhusu mtu kupanda."

"Matatu kwa mpigo!" Setsuyo alipiga makofi. "Yokohama hawajafika hata uwanjani, na wana matano. Wewe ungekuwa unauza samaki, wateja wangekuomba msamaha kwa kununua."

Lakini jumba la chini ya mnara lilikuwa wazi, lile lililojengwa upya kwa mbao zenye harufu ya msituni, lenye chui wa kuchorwa ukutani. Mlangoni watu huvua viatu. Bwana Kurachi alivua chake cha kulia, akakirudisha haraka.

"Mimi nitakusubiri hapa, Mama."

"Kwa nini?"

"Nimeshaliona."

"Lini?"

Aliinamia kiatu. Setsuyo alitazama kiatu, akatazama uso, akaelewa. Alikuwa amelea mtoto na kumzika mume, na hakukuwa na siri ya mwanaume asiyoijua.

"Vua. Nani atatazama miguu yako na kuna chui ukutani?"

Akavua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa nje kabisa ya soksi, cheupe, kama mtu aliyetoa kichwa dirishani. Setsuyo alijikaza chumba cha kwanza. Akajikaza cha pili. Katika chumba cha tatu, mbele ya chui wa dhahabu na mianzi, ambapo watu wote walikuwa wananong'ona kwa heshima, alishindwa.

"Bwana Kurachi," alinong'ona, "naona kidole chako nacho kimekuja kutalii."

Walicheka kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, wakiwa wameshikilia midomo, mpaka mlinzi akawasogelea na kuinamisha kichwa kwa adabu, jambo ambalo ni sawa na kufokewa. Walipotoka, Setsuyo aliingia duka la zawadi na kurudi na soksi nyeusi zenye samaki wadogo wa dhahabu kwenye kifundo. Alimwamuru akae kwenye benchi azivae pale pale. Bwana Kurachi alizivaa polepole kuliko ilivyohitajika. Tangu mama yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumnunulia kitu cha kuvaa.

Kwenye mgahawa wa mikunga, wale samaki kama nyoka, kulikuwa na foleni ya watu ishirini. Setsuyo aliegemea ukuta, akasugua goti.

"Nakupa nafasi ya mwisho kabla ya chakula. Niambie kitu kimoja kizuri cha mji huu. Kimoja tu. Usiseme 'tu', usiseme 'saruji'."

Bwana Kurachi alifikiri. Foleni ilisogea watu wawili. Alifikiri tena.

"Maji ya bomba," alisema, "si mabaya."

"Si mabaya!"

"Kwa kweli... ni mazuri kidogo." Na alipokwisha kulitamka neno hilo aliona haya kama mtu aliyejivua shati hadharani. "Yanatoka mto Kiso. Yanachujwa polepole kwenye mchanga. Hayana harufu. Ndiyo maana kahawa yako..."

"Kahawa yangu nini?"

"Huwa haina harufu mbaya."

Setsuyo alimwangalia kwa jicho lililokuwa linacheka na kungoja kwa pamoja. "Tunaandika bao la kwanza la Nagoya," alisema mwishowe. "Limetoka bombani. Hongereni."

Walikula mikunga kama inavyoliwa pale, bakuli likigawanywa mara nne: mara ya kwanza kavu, mara ya pili kwa majani ya vitunguu, mara ya tatu ukimwagia mchuzi wa moto, na mara ya nne kwa namna uliyoipenda zaidi. Setsuyo alisema kwao Osaka wangekuwa wameshamaliza na kulala. Lakini alikwangua bakuli mpaka kijiko kikalia. Bwana Kurachi alimtazama akila, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliwaza kwamba huenda Yokohama wasishinde.

Simu iliita walipokuwa wametoka, wamesimama mbele ya kabati la kioo lenye vyakula vya sanamu vya kuwaonyesha wateja. Alikuwa Kanae, kabla ya wakati wake.

"Bado," Setsuyo alimwambia. "Nimesema saa kumi na mbili. ... Niko na Bwana Kurachi, ananitembeza. ... Ndiyo, huyo huyo. Ati nini? Haya, huyu hapa." Akanyoosha mkono. "Anataka kukusalimu."

Bwana Kurachi aliipokea simu kwa mikono miwili. Alimjua Kanae tangu akiwa msichana wa sekondari anayepanga vikombe na kununa.

"Mjomba Kurachi, hujambo? Mama hakuchoshi?"

"Sijambo. Hapana, hachoshi."

"Mjomba, nisaidie. Huyu mama mimi simwezi, nikimwambia hivi ananijibu kwa utani. Goti lake unaliona. Mwaka juzi alianguka ngazini akakaa sakafuni saa nzima, hakuniambia mpaka Mwaka Mpya. Simlazimishi. Ila nataka kujua jambo moja, na wewe ndiye unayemwona kila siku. Kuna kitu huko kinachomshika? Kama kipo, niambie, nitaacha kumsumbua."

Lilikuwa swali la kweli, limeulizwa kwa moyo mweupe. Setsuyo alisimama hatua mbili kutoka pale, ameupa mgongo mji wote, akikagua bakuli la tambi za nta. Alilikagua kwa makini sana. Hakugeuza shingo hata kidogo.

Na Bwana Kurachi alisikia adabu yake ikimjibia. Ilitoka yenyewe, kama kuinama mbele ya mgeni, kama kusema zawadi yangu ni kikaratasi tu.

"Hapana, hapana," alisema. "Huku hakuna kitu. Ni mji wa kawaida tu. Sisi wateja ni wazee wachache, tunamsumbua tu kila siku. Itakuwa vizuri awe karibu na wajukuu."

"Kweli, mjomba?"

"Kweli."

Aliirudisha simu. Setsuyo aliipokea, akaitia mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho.

Bwana Kurachi alingoja ainue kidole. Alingoja asikie ni bao la ngapi. Setsuyo alirekebisha kofia yake.

"Haya," alisema. "Twende."

Hakuhesabu. Ndipo Bwana Kurachi alipojua kwamba mchezo ulikuwa umekwisha, na kwamba mabao yote aliyafunga yeye, kwa mguu wake mwenyewe, langoni kwake mwenyewe.

Walikwenda kwenye jumba la nyota, lile tufe kubwa la fedha lililobanwa katikati ya majengo mawili. Ndani viti hulazwa nyuma, taa huzimwa, na nusu ya watu wazima husinzia kabla jua halijazama darini. Bwana Kurachi alidhani Setsuyo naye atalala, maana huamka saa kumi alfajiri kuoka mkate. Mtangazaji alisema kwa sauti ya upole kwamba sasa atazima taa za mji, ili tuone kilichopo juu yetu kila siku bila sisi kukiona. Mji ukazimika. Nyota zikajaa.

Gizani Bwana Kurachi alikumbuka jambo ambalo hakumwambia mtu. Miaka mitatu nyuma, wakati wa baridi, Setsuyo aliugua mafua akafunga siku tano. Bwana Kurachi alikwenda siku zote tano. Saa moja na dakika kumi alisimama mbele ya mlango uliofungwa, kisha akavuka barabara, akanunua kahawa ya kopo kwenye mashine, akainywa amesimama huku akitazama dirisha la juu, la chumba cha Setsuyo, kama pazia limesogea. Siku ya sita mkahawa ulipofunguliwa, Setsuyo alimwuliza kama alimkumbuka. Naye alimjibu kwamba alikuwa na shughuli nyingi.

Aligeuza kichwa. Setsuyo hakuwa amelala. Alikuwa ameyatumbua macho kuelekea juu, na hakuonekana kutazama nyota yoyote.

Taa ziliwaka. Watu walijinyoosha. Sasa, Bwana Kurachi alijiambia. Sasa hivi.

"Mama."

"Naam?"

"Mi-... miguu haijachoka?"

"Imechoka," alisema Setsuyo.

Saa kumi na moja na nusu walikuwa juu ya mnara wa Sakae, katikati ya mji. Chini yao barabara ile pana ilinyooka kama iliyopigwa rula, miti yake imeanza kugeuka njano, na taa za maduka zikawashwa moja baada ya nyingine. Setsuyo aliegemea chuma cha dirisha. Utani haukuwa umemwishia kabisa, ila sasa ulitoka polepole.

"Si haba," alisema. "Kwa mji usio na kitu, umejaa."

Bwana Kurachi alikuwa ameandaa sentensi tangu kwenye jumba la nyota. Ilikuwa fupi. Alikuwa ameipitia mara saba kwenye basi. Akavuta pumzi, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuongea huku unaonyesha kitu.

"Pale," alisema, "upande ule wenye mnara mrefu, ndipo yanaposafishiwa maji."

Setsuyo aliangua kicheko kidogo kisichokuwa na pumzi ya kutosha. Kisha akasema huku bado anatazama nje:

"Unajua kwetu Osaka ukisema unaondoka, watu wanafanyaje? Wanaushika mkoba wako katikati ya barabara. Wanapiga kelele. Mwenye duka la jirani anatoka na sandali kuja kukutukana. Unaona hata aibu kuondoka. Ninyi huku mnainama, mnafungasha chakula cha njiani, na kumuulizia mtu saa ya treni." Alitazama simu. "Tushuke. Kanae hupenda kuwahi, na sitaki kumjibu mbele ya wapenzi hawa wote wanaopiga picha."

Lifti ilijaa. Waliingia watu kumi: kijana na mchumba wake, wanafunzi watatu wa kike wenye sare, mume na mke na mtoto mgongoni, na wao wawili, wakibanwa ukutani kando ya mwongozaji mwenye glavu nyeupe. Milango ilifungwa. Kama ilivyo ada, kila mtu aliinua macho kwenye tarakimu za juu ya mlango, na kimya kikawa kimya kile ambacho mtu huona haya hata kumeza mate.

Simu ikatetemeka mkobani.

Setsuyo aliinama kwa wenzake kuomba radhi, akaiweka sikioni, akakinga mdomo kwa kiganja.

"Kanae, niko kwenye lifti," alinong'ona. "... Ndiyo. Nimeshaamua. ... Hapana, sitanii sasa." Alikaza kiganja mdomoni. "Nimezunguka siku nzima, mwanangu, nikitafuta sababu. Naona nita-"

"Usiende!"

Ilitoka kwa sauti kubwa mno. Bwana Kurachi hakuwa na mazoezi, hakujua inapaswa kupimwa vipi. Mtoto mgongoni aliamka. Wasichana watatu waliacha kutazama tarakimu. Mwongozaji aliinua glavu yake nyeupe, akaishusha, maana katika mafunzo yake yote hakufundishwa la kufanya.

Setsuyo alimgeukia, simu bado sikioni, mdomo wazi.  Masikio ya Bwana Kurachi yalikuwa mekundu kama pilipili, kofia yake ilikuwa imekunjwa mikononi isitambulike, na alitamani lifti ifike na pia isifike kamwe. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, na mengine yalikuwa yanasukumana nyuma yake.

"Nilimdanganya mtoto wako mchana," alisema. "Nilisema huku hakuna kitu. Niliongea kwa adabu. Sasa siongei kwa adabu. Usiende Yokohama, Setsuyo. Nataka nikuone kesho, na kesho kutwa, na kila siku nitakayoamka. Nakupenda, basi. Ndicho nilichotaka kusema tangu asubuhi."